Senti moja ya Starfield: namna ya kusoma bei za matoleo ya gemu

Chukua kalamu. Gemu ya Starfield ilipotoka tarehe 6 Septemba 2023, toleo la kawaida liliuzwa dola 69.99 na toleo la Premium dola 99.99. Tofauti ni dola 30 kamili. Ndani ya hizo dola 30 kulikuwa na vitu vinne: ruhusa ya kuanza kucheza tarehe 1 Septemba, kifurushi cha skini, yaani mwonekano mpya wa mavazi na silaha, kitabu cha michoro pamoja na muziki wa gemu kwa njia ya kidijitali, na nyongeza ya hadithi iitwayo Shattered Space. Hiyo nyongeza, siku watu walipokuwa wakilipa, ilikuwa jina tu. Ilitoka tarehe 30 Septemba 2024, na aliyeitaka peke yake aliuziwa dola 29.99.

Sasa jumlisha: 69.99 na 29.99 ni 99.98. Aliyesubiri alilipa senti moja pungufu ya aliyewahi. Ukisimama hapo, Premium ni bwerere, kwa sababu aliyewahi alipata siku tano, skini na muziki kwa senti moja. Igeuze uione kwa upande wa pili. Dola 30 zake zilikaa kwa muuzaji karibu miezi 13 zikingoja kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekiona. Kitu kilipofika, tathmini nyingi za wachezaji kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, zilikuwa mbaya. Aliyesubiri alizisoma, na kama hakupendezwa alifunga pochi akaendelea na maisha yake. Aliyewahi alikuwa ameshanunua mbuzi kwenye gunia.

Kuna mnunuzi wa tatu, ambaye hesabu yake ni nyingine kabisa. Starfield ilikuwa ndani ya Game Pass, huduma ya Microsoft ya kucheza gemu kwa usajili, tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mwenye usajili hakuhitaji kununua gemu yenyewe. Alihitaji kifurushi cha kupandishia toleo tu, kilichouzwa dola 34.99. Na wa nne ni yule aliyenunua toleo la kawaida kisha akabadili nia: 69.99 na 34.99 ni 104.98, yaani dola tano zaidi ya angelipa tangu mwanzo. Gemu moja, kampuni moja, wanunuzi wanne, bei nne. Zile jumla, 99.98 na 104.98, hazikuandikwa mahali popote kwenye ukurasa wa duka. Lazima uzitafute mwenyewe, na ndiyo kazi ya makala haya.

Jambo la kwanza la kuliondoa akilini ni kwamba majina ya matoleo yana maana. Hayana. Hakuna chombo kinachosema Deluxe lazima iwe na hiki au Gold iwe na kile. Angalia neno moja tu, Deluxe, kwa gemu nne zilizotoka ndani ya mwaka mmoja hivi. Hogwarts Legacy, Februari 2023, kwenye PS5: dola 10 juu ya toleo la kawaida, ukapata saa 72 za kuanza mapema na kifurushi cha Dark Arts chenye vazi, mnyama wa kupanda na uwanja wa mapambano. Diablo IV, Juni 2023: dola 20 juu. Street Fighter 6, Juni huohuo: dola 25 juu, kutoka 59.99 hadi 84.99. Suicide Squad, mwanzoni mwa 2024: dola 30 juu. Neno ni lilelile, ila bei imepanda mara tatu, na vilivyomo ndani havilingani.

Tena hiyo Deluxe ya Street Fighter 6 ndani yake ina pasi ya mwaka wa kwanza ya wapiganaji wanne, Rashid, A.K.I., Ed na Akuma. Kwa kampuni ya Ubisoft kitu cha namna hiyo, yaani gemu pamoja na pasi ya nyongeza, mara nyingi huitwa Gold. Mtu aliyezoea kwamba Deluxe ni skini tu ataipita hii ya Capcom, watengenezaji wa Street Fighter, bila kuisoma, na hapo atakuwa ameacha punguzo la kweli: pasi ile peke yake iliuzwa dola 29.99, kwa hiyo aliyechukua Deluxe aliokoa dola tano. Nasema hili mapema ili isionekane kwamba kila toleo la bei ya juu ni wizi. Mengine ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba jina halikusaidii kuyatofautisha.

Kinachosaidia ni kupanga kila kitu kilichoandikwa kwenye orodha ya toleo katika mafungu. Fungu la kwanza ni kilichopo: kitu utakachokipata siku gemu inapofunguka na kitakachobaki kwako. Fungu la pili ni ahadi: nyongeza ambazo hazijatoka, wahusika wasiotajwa majina, misheni za baadaye. Fungu la tatu ni kinachoyeyuka: siku za kuanza mapema, sarafu za ndani ya gemu, pasi ya msimu mmoja wa mtandaoni. Halafu kuna mapambo, nayo ni skini, kitabu cha michoro na muziki. Mapambo usiyape bei wanayoyapa wao. Yape bei ambayo wewe ungelipa kama yangeuzwa peke yake leo, na uwe mkweli. Kwa wachezaji wengi jibu la kitabu cha michoro cha kidijitali ni sifuri, kwa kuwa hufunguliwa mara moja na hakifunguliwi tena.

Tuifanyie mazoezi Star Wars Outlaws ya Ubisoft, kwa sababu ni mfano mnene. Ilitoka tarehe 30 Agosti 2024 kwa matoleo matatu ya kidijitali: kawaida dola 69.99, Gold 109.99, Ultimate 129.99. Anza kwa kutoa. Gold toa kawaida ni dola 40.00. Ndani ya Gold kuna pasi ya msimu, yaani malipo ya mara moja kwa nyongeza zitakazokuja, na siku tatu za kuanza mapema. Pasi hiyo peke yake iliuzwa dola 39.99. Kwa hiyo siku tatu zimeuzwa senti moja. Unaiona ile senti tena? Ndiyo mtindo wao: toleo linapangwa lilingane na jumla ya vipande ili usiwe na sababu ya kununua vipande, kisha kitu kinachoyeyuka kinawekwa juu kama ubani wa dukani.

Endelea juu. Ultimate toa Gold ni dola 20. Kilichoongezeka ni vifurushi viwili vya mapambo na kitabu cha michoro. Hakuna hadithi mpya wala eneo jipya. Kwa shilingi 129 za Kenya kwa dola, hizo ni shilingi 2,580 za vazi la mhusika na rangi ya chombo chake. Kama wewe ni mtu wa mavazi, sawa, hela ni yako. Ila jua kwamba ngazi ya juu kabisa, ile yenye jina kubwa kuliko zote, ndiyo iliyo na vitu vichache kwa kila dola. Hali hii hurudi tena na tena: ngazi ya kati hubeba maudhui, ngazi ya juu hubeba mapambo. Sababu si siri. Ngazi ya juu ipo ili ya kati ionekane ya kiasi.

Kwenye Outlaws palikuwa na mgogoro mmoja unaofundisha namna ya kusoma maneno. Pasi ya msimu ilikuwa na misheni ya siku ya kwanza iitwayo Jabba's Gambit. Aprili 2024, orodha ya matoleo ilipotangazwa, watu walielewa kwamba Jabba the Hutt, jambazi maarufu wa Star Wars, amefungiwa kwenye toleo la dola 110. Ubisoft ikalazimika kueleza kwamba Jabba yumo kwenye gemu ya kawaida, na kwamba hiyo ni misheni moja ya ziada inayomhusu. Maelezo yalikuwa kweli, lakini angalia kosa lilitoka wapi: jina la mhusika maarufu limewekwa kwenye mstari wa bidhaa ya kulipia bila kusema ukubwa wake. Ukiona misheni imetajwa kwenye orodha, uliza urefu wake. Ni saa nane au ni dakika arobaini? Orodha karibu kamwe haisemi, na kutokusema huko ni jibu.

Pasi ya msimu yenyewe inastahili kuangaliwa kidogo, maana ndiyo inayobeba pesa nyingi na ndiyo yenye jina la kudanganya kuliko yote. Pasi hailipii nyongeza zote za gemu. Inalipia nyongeza zilizotajwa siku ile, basi. Assassin's Creed Valhalla ilitoka Novemba 2020 na pasi ya dola 39.99, ndani yake Wrath of the Druids, The Siege of Paris na misheni ya Beowulf. Toleo la Ultimate lilikuwa na pasi hiyo, na wanunuzi wengi waliamini wamemaliza malipo. Machi 2022 ikaja Dawn of Ragnarök, dola 39.99, nje ya pasi na nje ya Ultimate. Nyongeza moja kwa bei ya pasi nzima. Borderlands 3 ilifanya vivyo hivyo kwa njia nyingine: Super Deluxe ya 2019, dola 99.99, ilikuwa na pasi. Mwaka uliofuata ikatoka pasi ya pili, na Super Deluxe haikuihusu.

Kwa hiyo ukikuta neno Ultimate au Super, jiulize limeandikwa lini. Ultimate ya siku ya uzinduzi maana yake ni kila tulichopanga hadi leo. Ultimate iliyotoka mwishoni mwa safari ya gemu ni kitu tofauti kabisa. Cyberpunk 2077 ilipata toleo lake la Ultimate Desemba 2023, baada ya nyongeza yake, Phantom Liberty, kutoka Septemba ya mwaka huo, na hapo neno lilikuwa na uzito wake. The Witcher 3 ilifanya vilevile 2016 kwa toleo lililobeba nyongeza zake mbili kubwa pamoja. Matoleo ya namna hii, yanayokuja nyuma ya kila kitu, ndiyo pekee ninayoyanunua kwa jina bila kusoma orodha mara tatu. Hata hayo nayasoma mara moja.

Steam imejaribu kuweka utaratibu. Tangu Novemba 2024 anayeuza pasi ya msimu pale anatakiwa ataje kila nyongeza iliyomo, aeleze ni kitu gani, na aseme inatarajiwa lini. Nyongeza ikifutwa, mnunuzi anarudishiwa thamani ya kile ambacho hakikutoka. Hiyo ni faida kubwa kwa anayenunua kwenye kompyuta: fungua ukurasa wa pasi yenyewe badala ya ukurasa wa toleo, ushuke hadi kwenye orodha ya nyongeza, usome tarehe. Ukiona imeandikwa kipindi cha miezi mitatu badala ya siku, hesabu kana kwamba ni siku ya mwisho ya kipindi hicho.

Siku za kuanza mapema ndizo zinazouzwa kwa hila kuliko vitu vyote, kwa sababu hazigharimu kampuni chochote. Gemu imeshakamilika, kinachofanyika ni kuwachelewesha wasiolipa zaidi. Na mara nyingine anayelipa zaidi anakuwa mjaribu wa mitambo. Suicide Squad iliwafungulia wenye Deluxe saa 72 kabla, mwishoni mwa Januari 2024. Baadhi ya waliowahi kuingia wakakuta gemu inawaambia wameshaimaliza yote. Seva zikazimwa kwa saa kadhaa kurekebisha, na fidia ikawa sarafu za ndani ya gemu zenye thamani ya dola 20. Saa zilizouzwa zilienda na matengenezo.

Kwetu kuna jambo la ziada ambalo orodha za Marekani hazilifikirii. Starfield ilihitaji nafasi ya GB 125. Kwa intaneti ya Mbps 10 isiyokatika hata kidogo, kuipakua ni saa 28 hivi. Gemu ya ukubwa huo ikiwa na saa 72 za mapema ulizolipia, zaidi ya theluthi imeliwa na mstari wa kupakua, kabla hujazungumzia bando lililoisha katikati au umeme uliokatika. Kama duka linaruhusu kupakua kabla ya siku yenyewe, fanya hivyo na uhakikishe mapema diski ya ndani ina nafasi. Kama haliruhusu, zipe siku hizo bei ya sifuri.

Na kwenye Steam, tangu Aprili 2024, muda unaocheza katika siku hizo za mapema unahesabiwa kwenye saa mbili za kurudishiwa pesa. Zamani haukuhesabiwa, na watu walicheza gemu nzima kisha wakairudisha.

Kampuni zenyewe zinajua siku hizo zinawaudhi watu. Mwishoni mwa Agosti 2015 Square Enix ilitangaza mpango wa Deus Ex: Mankind Divided ambapo zawadi zingefunguka kwa ngazi kadiri watu wengi wanavyolipia kabla, na ngazi ya tano ilikuwa gemu kutoka siku nne mapema. Baadhi ya ngazi zilikutaka uchague kitu kimoja na kuacha vingine. Kelele zilizofuata zilitosha mpango wote kufutwa mwanzoni mwa Oktoba, na kila aliyelipia kabla akapewa vitu vyote. Septemba 2024 Ubisoft ilipoahirisha Assassin's Creed Shadows, ilifuta kuanza mapema na kufuta pasi ya msimu kwa pamoja, ikarudisha pesa za waliokuwa wamelipia, na ikaahidi nyongeza ya kwanza bure kwa watakaoagiza mapema upya. Aliyelipia toleo la bei kubwa miezi ile alikuwa amelipia kitu ambacho kilibadilika umbo hata kabla hakijazaliwa.

Tuje kwenye mpira, maana ndiko pesa za watu wengi wa kwetu zinakokwenda. EA Sports FC 25 ilikuwa na toleo la kawaida la dola 69.99 na la Ultimate la dola 99.99. Ultimate lilifunguka tarehe 20 Septemba 2024, siku saba kabla ya wengine, na lilikuja na pointi 4600 za FC. Dukani, pointi 2800 ziliuzwa dola 24.99 na pointi 1600 dola 14.99, hizo 4400 zimeshafika 39.98, kwa hiyo 4600 ni dola 40 na ushee. Tofauti ya matoleo ni dola 30. Kwa hesabu hii umepata faida ya zaidi ya dola kumi. Hapo ndipo mtu anabonyeza.

Lakini pointi hizo hazina soko lingine. Kazi yake kubwa ni ndani ya Ultimate Team, sehemu ya gemu ya kujenga kikosi chako mwenyewe, kufungua pakiti ambazo ndani yake hujui yumo nani, na uwezekano wa kumpata mchezaji mkubwa huwa mdogo; EA huuonyesha kwenye kila pakiti, ukitaka kuusoma kabla ya kufungua. Hazikuja zote siku moja pia: zilipangwa kuingia kwa mafungu katika kipindi cha miezi miwili. Na kikosi unachokijenga hakiendi kwenye gemu ya mwaka unaofuata, unaanza upya. Kwa hiyo swali la kweli ni hili: bila toleo hili, ungetoa dola 40 mfukoni ununue pointi? Kama ndiyo, Ultimate imekupunguzia. Kama hapana, umelipa dola 30 kwa siku saba.

Sasa mfikirie mwenye banda la gemu. Televisheni nne, PS nne, vijana wanalipa kwa mechi. Wanacheza Kick Off, wawili wawili, Arsenal na Real Madrid, padi mkononi. Hakuna hata mmoja anayeingia Ultimate Team, maana hiyo inataka akaunti, intaneti ya kudumu na kikosi cha mtu binafsi. Katika banda, pointi 4600 hazifungui timu wala uwanja wala chochote anachokiona mteja. Zidisha dola 30 kwa mashine nne ni dola 120, na kwa shilingi 129 hizo ni 15,480 za Kenya. Hiyo ni hela ya kununulia padi, na padi ndizo zinazokufa bandani. Mwenye banda anataka toleo la kawaida, akipenda kwa diski, na kama anaweza kuvumilia hadi mwisho wa Novemba atalikuta limeshuka bei sana. FC 24, iliyotoka Septemba 2023, ilitolewa kwa wenye PS Plus, usajili wa PlayStation, Mei 2024 bila malipo ya ziada. Miezi minane, hata haifiki.

Diski zina mtego wao, nao ni wa kikaratasi. Fungua kasha la Deluxe la PlayStation: diski upande mmoja, upande wa pili kikaratasi chembamba chenye herufi na tarakimu 12, zimepangwa nne nne. Hicho ndicho Deluxe. Mara nyingi diski ni ileile ya toleo la kawaida. Kila kilichoongezeka kipo kwenye kikaratasi, na kikishaingizwa kwenye akaunti moja kimekwisha. Kwa hiyo diski iliyotumika yenye maandishi ya Deluxe kwenye kava ni diski ya kawaida yenye kava nzuri. Usiongeze hata shilingi kwa ajili ya kava, isipokuwa muuzaji akuonyeshe kikaratasi ambacho bado hakijatumika.

Mtego wa pili ni nchi. PlayStation haina duka la Kenya wala Tanzania wala Uganda, kwa hiyo watu hufungua akaunti za Marekani, Uingereza, Afrika Kusini au Falme za Kiarabu. Namba za vikaratasi hufungwa kwa eneo, na nyongeza lazima ilingane na eneo la gemu. Diski iliyotoka Dubai ikatua Kariakoo, au iliyoletwa na ndugu aliyeko Muscat, itacheza vizuri tu kwenye PS5 yenye akaunti ya Marekani, kwa kuwa diski zenyewe hazina kizuizi hicho. Lakini kikaratasi chake kitakataliwa. Ukinunua pasi ya msimu kwenye duka la Marekani kwa ajili ya diski hiyo, malipo yatapita, kitu kitapakuliwa, na gemu haitakiona. Kabla ya kununua nyongeza yoyote linganisha namba ya bidhaa iliyo mgongoni mwa kasha na usoni mwa diski, ile inayoanza na PPSA kwa PS5 au CUSA kwa PS4, na namba ya gemu hiyohiyo kwenye duka la akaunti yako. Zikitofautiana, simama. Na kadi za zawadi nazo ni hivyo: ya Oman ni ya akaunti ya Oman. Kwa akaunti ya Marekani kumbuka pia kwamba majimbo mengi huongeza kodi ya mauzo juu ya bei, hivyo kadi ya dola 70 inaweza kushindwa kununua gemu ya dola 69.99.

Masanduku makubwa ya wakusanyaji sitayasemea sana, kwa vile wachache huku huyaagiza. Soma tu kama gemu imo. Sanduku la wakusanyaji la Diablo IV, dola 96.66, lilikuwa na mshumaa wa umeme, ramani ya kitambaa na vinginevyo. Gemu yenyewe haikuwemo. Toleo la Constellation la Starfield, dola 299.99, lilikuwa na saa ya mkononi lakini halikuwa na diski. Na Fallout 76 ya 2018, dola 200, iliahidi begi la turubai ikaleta la nailoni. Walioudhika walipewa kwanza sarafu 500 za ndani ya gemu, sawa na dola tano, na mabegi ya turubai yakaja baadaye sana.

Kwenye Steam kuna tofauti moja inayookoa pesa ambayo wengi hawaijui. Toleo la Deluxe linaweza kuwa furushi la vitu vinavyouzwa pia kimoja kimoja, au kifurushi kimoja kilichofungwa. La kwanza lina akili: ukiwa tayari una gemu, linakata bei ya ulichonacho na kukutoza kilichobaki. La pili halikati kitu, utalipa bei nzima tena. Namna ya kujua ni rahisi: ingia kwenye akaunti iliyo na gemu, fungua ukurasa wa toleo, angalia kama bei imeshuka. Kama haijashuka, tafuta kifurushi cha kupandishia toleo. Kama nacho hakipo, nunua nyongeza peke yake. Bei pale ni za dola kwetu, Steam haina shilingi, na kadi pepe ya Visa ya M-Pesa itakuongezea makato ya kubadilisha fedha. Yaweke kwenye hesabu.

Kurudishiwa pesa nako kunatofautiana. Steam: siku 14 tangu kununua na chini ya saa mbili za kucheza, na uliyelipia kabla unaweza kughairi wakati wowote kabla gemu haijatoka. PlayStation: siku 14 pia, lakini ukishaanza kupakua umepoteza haki hiyo. Mashine yenyewe huwa imewekwa ipakue peke yake, usiku, wewe umelala. Kama umelipia kabla na bado unasitasita, zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye mipangilio siku hiyohiyo unayolipa.

Nirudi kwa Outlaws, kwa sababu hesabu yake ilikuwa haijaisha. Nyongeza mbili za pasi zilitoka Novemba 2024 na Mei 2025. Tarehe 4 Septemba 2025 gemu ikafika kwenye Switch 2 kwa jina la Gold, nyongeza zote mbili zikiwemo, kwa dola 59.99. Mwaka mmoja na siku tano nyuma yake, Gold ilikuwa 109.99, na hata toleo la kawaida tupu lilikuwa 69.99. Ukiiona dukani kwenye kasha, geuza nyuma usome: kadi iliyomo ni ufunguo tu, gemu yote utaipakua. Andaa bando.